Watoto wanalala juu, sisi tunalala chini: moto ukitokea usiku tufanyeje?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Tumehamia kwenye nyumba yetu ya ghorofa moja hapa Ilazo, Dodoma. Watoto wote watatu wanalala juu: binti wa miaka 12 na mdogo wake wa miaka 7 chumba kimoja, na wa mwisho, wa miaka 3, chumba cha pili. Mimi na baba yao tunalala chini, na dada wa kazi analala chumba kilicho karibu na jiko. Madirisha yote yana grili. Juu ya ngazi kuna geti la grili ambalo baba watoto hulifunga kwa kufuli kila usiku kwa ajili ya wezi. Juzi nyumba ya jirani mtaa wa pili iliungua saa nane usiku. Walitoka salama, lakini tangu hapo sipati usingizi. Nimeona ngazi za kamba zinauzwa mtandaoni. Ninunue? Baba watoto hataki kusikia habari ya kutoa grili.

Jibu: Marahaba, mama. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonishtua si grili za madirisha. Ni kufuli la geti la ngazi. Nakuomba usiku wa leo kufuli hilo litoke. Geti likibidi kufungwa, lifungwe kwa komeo ambalo binti wa miaka 12 analifikia kwa upande wake na wewe unalifikia kwa upande wako, bila ufunguo. Mengine yote tutayapanga taratibu, hilo halisubiri wikiendi.

Moshi wa moto una joto, na chenye joto hupanda. Kwenye nyumba ya chini hujaa darini kwanza, ndipo huanza kushuka. Kwenye nyumba ya ghorofa umewekewa njia yake kabisa, nayo ni ngazi. Ngazi ya ndani inauvuta moshi kama bomba la jiko la kuni. Sofa ikishika moto sebuleni nanyi mmefunga mlango wa chumba chenu cha chini, korido ya watoto inaweza kuwa imeshajaa moshi kabla ninyi hamjasikia hata harufu.

Na moto wa siku hizi hauna subira. Magodoro ya sufi tuliyolalia utotoni yalikuwa yakifuka polepole. Sponji iliyomo kwenye sofa na magodoro ya sasa hutokana na mafuta ya petroli. Ikishika inawaka kwa kasi na kutoa moshi mzito mweusi ambao unamlegeza mtu kabla hajaona mwali wowote. Tangu sofa ishike mpaka ngazi isipitike, hesabu dakika 3, na usishangae zikiwa pungufu. Ndani ya dakika hizo mtu anapaswa kuamka, kuelewa, kufika kwa watoto na kutoka nao. Muda wa kutafuta ufunguo haumo.

Nilishalijaribu hili kwenye nyumba moja mtaa wa Kisasa, hapa Dodoma. Baba mwenye nyumba aliniambia ufunguo wa geti la ngazi uko palepale kwenye msumari ukutani, hata mtoto anajua. Tukazima taa, tukamfunga binti yake wa miaka tisa khanga machoni, tukamwambia afungue. Msumari aliupata haraka. Lakini kwenye kishikio kulikuwa na funguo kumi na moja, kwa sababu za stoo, geti la nje na gari zote zilikaa pamoja. Akajaribu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kufuli lilikuwa limetazama ukutani, ikabidi aligeuze kwanza. Kishikio kikamponyoka, kikaanguka kati ya vyuma vya geti, upande wa pili. Mtoto akakaa chini akaanza kulia, na hapo hapakuwa na moshi wala joto, baba yake alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Yule baba alilitoa kufuli mimi nikiwa bado nakunywa chai.

Sasa jambo la pili, na hili huenda baba watoto asilipende kama la kwanza. Hakuna mtu mzima anayelala juu. Mpango wa moto wa watoto wadogo haujengwi juu ya watoto kujiokoa. Unajengwa juu ya mtu mzima kuwafikia. Kwenu, mahali ambapo moto una uwezekano mkubwa wa kuanzia, yaani jikoni na sebuleni, ndipo katikati yenu na wanenu. Moto ukianzia hapo, ninyi wote watatu mlio chini mtakuwa nje mkitazama madirisha ya juu. Ushauri wangu ni kwamba mmoja wenu ahamie juu, au dada wa kazi apewe chumba cha juu kama yuko tayari, na aelekezwe kila kitu kama mwanafamilia. Kama haiwezekani kwa sasa, basi wa miaka 3 ashuke alale chumbani kwenu. Binti wa miaka 12 anaweza kumwamsha mdogo wake wa miaka 7 na kumshika mkono. Kumbebesha wawili, mmoja wao mchanga kiasi hicho, ni kumtwika mzigo wa mtu mzima.

Kisha kila mtoto awe na mtu wake. Msiseme "tutawachukua watoto". Semeni: baba anamchukua fulani, mama anamchukua fulani, na baba akiwa safarini ni dada. Nimeona wazazi wawili wakikimbilia mtoto mmoja, kila mmoja akidhani mwingine anaye yule wa pili.

Nunueni kengele za moshi. Ni kifaa kidogo cha duara kinachobandikwa darini, kinatumia betri, na duka la vifaa vya umeme likiwa halina mnaweza kuagiza. Weka moja darini juu ya ngazi, moja ndani ya kila chumba cha watoto, moja sebuleni. Jikoni penyewe usiweke, mvuke na mafuta ya kukaangia vitaipigisha kelele kila siku mpaka mtu aichomoe betri, na kengele isiyo na betri ni pambo. Ibonyeze kitufe cha kujaribia kila mwezi. Hapa Dodoma nakuongezea la vumbi: kiangazi chetu kinaingiza vumbi jekundu hata kwenye kabati lililofungwa, kwa hiyo ipanguse kwa brashi kavu mara kwa mara. Ikifika miaka 10 itupe, ununue nyingine, hata kama bado inalia. Zikiwepo za kuunganishwa, moja ya chini ikilia na za juu zikaitikia, chukua hizo. Kwa nyumba yenu ndizo zenyewe.

Lakini usidhani kengele ikilia watoto wataamka. Watoto hulala usingizi mzito kuliko sisi. Watafiti wa hospitali ya watoto ya mjini Columbus, Marekani, waliwajaribu watoto 176 wa miaka 5 hadi 12 wakiwa usingizini. Mlio wa kawaida wa kengele uliwaamsha nusu tu hivi. Sauti ya mama iliyorekodiwa iliamsha karibu 9 kati ya 10. Ndiyo maana nasisitiza mtu mzima alale juu. Kengele inamwamsha mtu mzima, na mtu mzima anawaamsha watoto kwa kuwaita majina, kuwatikisa na kuwasimamisha.

Milango ya vyumba ifungwe usiku. Najua wengi wetu tunaiacha wazi tumsikie mtoto akilia, na kwa joto la Oktoba na Novemba tunataka hewa ipite. Hata hivyo, mlango wa mbao uliofungwa unazuia moto na moshi kwa dakika kadhaa. Kwenye majaribio yaliyofanywa Marekani, chumba kilichofungwa mlango kilibaki kwenye nyuzi 38 hivi za Selsiasi, wakati chumba kilichoachwa wazi kilipita nyuzi 500. Nyuzi 38 ni mchana wa joto kali, mtoto anazistahimili. Wewe ukihofu kutomsikia mdogo, hiyo ni sababu nyingine ya kumshusha chumbani kwenu.

Mlango huohuo ndio unaoamua kama dirisha litawafaa. Wafundishe watoto hivi: ukiamka na kusikia kengele au harufu ya moshi, usifungue mlango kwanza. Uguse kwa mgongo wa mkono, sehemu ya juu na kwenye kitasa. Ukiwa wa baridi, fungua kidogo, uchungulie, na kama korido ni safi, toka ukiwa umeinama. Ukiwa wa moto, au moshi unapenya chini yake, usifungue kabisa. Ziba mwanya wa chini kwa shuka au nguo, ukiipata mbichi ni bora zaidi, ndipo uende dirishani. Kufungua dirisha huku mlango uko wazi ni kuuita moshi upite chumbani kwako, hasa miezi ya Julai hadi Septemba upepo wa kusi unapovuma hapa kwetu usiku kucha.

Nenda ukaangalie chini ya ngazi yako. Nyumba nyingi za ghorofa ninazoingia hapa mjini, pale ndipo stoo: mtungi wa gesi wa akiba, jenereta na dumu lake la petroli, betri za sola, maboksi ya TV. Kila kinachowaka kimewekwa chini ya njia pekee ya watoto kushuka. Viondoe. Petroli na jenereta vikae nje kwenye kibanda. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye kona kama hiyo. Na pikipiki isilale koridoni.

Mkishatoka, mnakwenda wapi? Wengi hunijibu "uani". Uani si nje. Fensi zetu ni ndefu, geti la nje lina kufuli lake, na moto mkubwa unaweza kuwabana humohumo. Chagueni alama moja nje ya geti, kwa mfano ule mwarobaini ulio kando ya barabara kama mnao, na kila mtu ajue kwamba hapo ndipo tunapohesabiana. Ufunguo wa geti la nje uwe na nafasi yake pekee, usichanganywe na funguo nyingine. Mkishafika mtini, pigeni 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, haina malipo. Mtaulizwa mko wapi. Tangu kazi ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi zina kibao chenye namba na mitaa ina majina. Binti wa miaka 12 na dada wa kazi wavijue vyote viwili kwa kichwa. Na yeyote aliyekwisha kutoka asirudi ndani kufuata simu, pesa wala cheti. Kama mtu amebaki, waambie askari wa Zimamoto yuko chumba gani.

Hayo yote fanyeni na watoto kwa vitendo. Kaeni nao Jumamosi moja, wachore nyumba kwenye daftari, kila chumba wakiwekee mishale miwili: mmoja wa mlangoni, mwingine wa njia ya pili. Kisha igizeni mchana, halafu usiku taa zikiwa zimezimwa. Rudieni walau mara mbili kwa mwaka, likizo ya Juni na ya Desemba zinatosha kuwakumbusha. Kuna jambo moja ambalo watoto wadogo hulifanya na wazazi hawalijui: wakiogopa, wanajificha. Uvunguni mwa kitanda, ndani ya kabati, nyuma ya pazia. Wanafikiri wamekosa, au wanafikiri kisichoonekana hakitawakuta. Mwambie wa miaka 3 na wa 7 mara nyingi, kwa upole, kwamba moto haumgombezi mtu, na kwamba mama hatakasirika hata kama ni yeye aliyechezea kiberiti. Waonyeshe pia picha ya askari wa Zimamoto akiwa amevaa barakoa na mtungi mgongoni. Kwa mtoto anayemwona gizani kwa mara ya kwanza, yule mtu anatisha kuliko moto wenyewe, na mtoto anaweza kumkimbia aliyekuja kumwokoa.

Sasa naja kwenye ulichouliza. Ngazi ya kamba usinunue kabla ya kumwita fundi wa kuchomelea. Ngazi nyuma ya grili iliyochomelewa haina kazi.

Mwambie baba watoto kwamba simwambii atoe grili. Wezi wapo, na woga wake ni wa haki. Ila namwomba akumbuke shule ya sekondari ya Kyanguli, kule Machakos, Kenya, Machi 2001: wavulana 67 walikufa bwenini, mlango mmoja umefungwa na madirisha yana nondo. Hapa kwetu, shule ya sekondari ya Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, tulipoteza wasichana zaidi ya 40 kwa moto wa bwenini. Baada ya kuzika watoto wengi shuleni, Kenya iliandika kwenye viwango vyake vya usalama vya mwaka 2008 kwamba madirisha ya shule yasiwe na grili. Nyumbani tunaweza kuziacha, mradi kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo grili yake inafunguka kutoka ndani.

Kazi yenyewe si kubwa. Fundi anakata grili ya dirisha lililochaguliwa, anaiwekea bawaba upande mmoja iwe kama mlango, na upande wa pili komeo la kusukuma, bila kufuli. Komeo likae upande wa ndani na nyuma yake kichomelewe kipande cha bati nene, kiasi kwamba mkono unaopenyezwa kutoka nje haulifikii. Grili ifungukie nje, isije ikazuiwa na kitanda au pazia. Kwa mwizi bado ni chuma kilekile. Kwa mwanao ni mlango.

Kabla fundi hajaanza, pima dirisha. Madirisha ya aluminiamu ya kusukuma yanafunguka nusu tu, kwa hiyo dirisha la upana wa mita 1 linakuachia chini ya sentimita 50. Viwango vya nyumba vya Marekani vinataka uwazi wa dirisha la kutokea usipungue upana wa sentimita 51 na kimo cha sentimita 61, na eneo lote lifike kama mita 0.53 za mraba. Ukizidisha vile vipimo viwili vidogo utaona havifikishi eneo hilo, maana yake kimoja lazima kizidi. Dirisha la mita 1.2 kwa 1.2 kwa kawaida linatosha. Kizingiti kisizidi mita 1.1 kutoka sakafuni. Kikizidi, weka chini yake sanduku zito lisiloteleza, mtoto wa miaka 7 apande. Kwa chumba cha mdogo, au kama mdogo huingia kucheza chumba cha wakubwa, fanya kinyume kidogo: komeo liwe juu, mita 1.5 hivi, asije akalifungua mchana akaanguka. Kuanguka dirishani ni hatari ya kila siku, moto ni wa nadra, na komeo moja lililowekwa mahali pake linajibu yote mawili.

Chagua dirisha kwa kutazama kilichopo chini yake. Paa la zege la gereji au kibaraza ni zawadi: watoto wanatoka, wanafunga dirisha nyuma yao, wanasubiri hapo. Watu wengi mjini kwetu wana mnara wa simtanki umbali wa mita moja kutoka ukutani, na wengine huuona kama njia. Mimi siukubali kwa mtoto, kuruka pengo gizani si mpango. Kama chini ni sakafu tupu, ndipo ngazi ya kuning'iniza inapopata kazi. Kutoka kizingiti cha juu mpaka chini ni mita 4 au 4 na nusu, pima kwa kamba yenye jiwe. Ndoano zake zikae kwenye ukuta wenyewe. Fremu ya aluminiamu itang'oka. Upime unene wa ukuta pamoja na lipu kabla hujaagiza, maana nyingi zimetengenezwa kwa kuta nyembamba kuliko tofali zetu. Ihifadhi chini ya dirisha hilohilo. Uifanyie zoezi kwenye dirisha la chini, miguu ikiwa karibu na ardhi.

Watoto wasishuke peke yao. Mtu mzima aliye juu anamtanguliza mkubwa, akimshika mpaka miguu ipate kidato, na aliye chini anampokea. Mdogo anashushwa mgongoni. Tafuta khanga ya pamba, umfunge mbeleko kama alipokuwa mchanga, upande na kushuka naye ngazi ya ndani mara kadhaa mpaka mikono yako yote miwili iwe huru bila wewe kufikiri. Na kama mnaweza kubaki chumbani mlango umezibwa, dirisha limefunguliwa na watu wa chini wanawaona, bakini, pungeni kitambaa cheupe, wamulikieni kwa tochi ya simu, Zimamoto waje na ngazi yao. Ngazi ya kamba ni ya pale moshi unapoanza kupenya.

Fundi akimaliza, usimlipe hela yote. Subiri giza liingie, zima taa, umwite binti yako alifungue lile komeo mwenyewe, mara tatu, na mara ya mwisho amemshika mdogo wake mkono. Likikwama, fundi alisage na kulipaka grisi palepale, umwite binti tena.